Si Kila Kazi ni ya Kuuza



Leo sitafundisha ngeli wala vina, ingawa vyote viwili vitapita njiani. Nakusudia kupinga kauli moja inayosemwa kila siku katika mitaa ninayofanyia kazi, na ambayo husemwa na watu wema kwa nia njema. Kauli hiyo ni kwamba mtu mzima mwenye akili zake hapaswi kuwa na saa isiyoingiza kitu. Anayeonekana ameketi akishona, akisuka, akicheza bao au akihesabu mizani kwa vidole huulizwa maswali mawili. La kwanza: kwani huna kazi? Akijibu kuwa anayo, hufuata la pili: basi hicho unakiuza bei gani? Nasema kuwa maswali yote mawili yana ila, na la pili lina ila kubwa zaidi, kwa kuwa huja limevaa vazi la pongezi.

Nieleze kwanza ninasema nikiwa wapi. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la jumla la vitambaa hapa Mchafukoge, karibu na maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru. Kazi yangu ni kuandika doti ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, nani amelipa na nani anadaiwa. Katika mapumziko ya mchana hushona kofia ya vito kwa mkono. Si fundi wa kusifiwa. Kofia moja hunichukua miezi, maana kila kitundu huzungushiwa uzi peke yake, na nikiimaliza humpa mjomba, shemeji au rafiki. Jambo hilo huwaudhi watu kuliko kama ningekuwa nalala. Aliyelala huhurumiwa kuwa amechoka. Anayeshona bila kuuza huonekana anatupa mali.

Kata hizi mbili jirani, Mchafukoge na Kariakoo, zimebeba hoja yangu katika majina yake. Kariakoo ni jinsi sikio la Mswahili lilivyolipokea jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichopiga kambi mahali hapo. Wapagazi wale walikuwa watu waliochukuliwa, wengi wao kwa nguvu, wakabebeshwa vyakula na risasi za vita visivyowahusu, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Soko letu kubwa kabisa limeitwa kwa watu ambao hawakuruhusiwa kutua mzigo. Mchafukoge nalo, kama wengi wanavyolieleza, ni amri iliyofungwa ndani ya neno moja: mchafu, koge! Umetoka kazini na vumbi na jasho. Sasa tua, jimwagie ndoo ya maji, uwe mtu tena. Mimi huyasoma majina haya kwa pamoja. Jirani mmoja ameitwa kwa mzigo, wa pili kwa maji, na siku ya mtu inawahitaji wote wawili.

Sehemu hiyo ya pili ya siku ndiyo inayoliwa. Mwaka 2025 ulizinduliwa rasmi mpango wa kufanya biashara saa 24 Kariakoo. Sina ugomvi na taa za barabarani, wala na ulinzi wa usiku, wala na mteja kutoka Lubumbashi au Lilongwe anayetaka kununua usiku ili aondoke alfajiri. Soko linaweza kukesha, kwa sababu soko ni matofali, vyuma na zamu za watu. Hofu yangu ni pale sifa ya soko inapohamishiwa kwa mwanadamu. Nimekwisha kuwasikia vijana wakijinadi kwamba wao wanafanya kazi saa 24, nao husema hivyo kwa fahari ileile ambayo zamani mtu alisema ana shamba au ana watoto. Mtu wa saa 24 hayupo. Aliyepo ni mtu ambaye hajui tena saa yake mwenyewe ni ipi.

Tuitazame lugha, maana huko ndiko tuliko sisi wa ukumbi huu. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 kaulimbiu ilikuwa "Uhuru na Kazi". Ile "na" iliweka vitu viwili katika mizani, kimoja kikikizuia kingine kisizidi. Mwaka 2015 ikaja kaulimbiu nyingine, "Hapa Kazi Tu". Ilikuwa kaulimbiu ya kampeni, na walioichoka ofisi iliyolala waliipokea kwa furaha, sibishani nao. Lakini msemo ulishuka majukwaani ukaingia kwenye fulana, kwenye vioo vya daladala na katika vinywa vya watu, na lile neno dogo la mwisho likaendelea kutumika hata mahali lisipoitwa. Neno "tu" hufunga mlango. Ukisema kazi tu, umekwisha sema: bila kicheko, bila kofia, bila bao, bila ubeti.

Nasi tulikuwa na msemo wetu wa mtaani, "kazi na dawa", ambao unakiri kwamba kazi hujeruhi na kwamba jeraha lina tiba. Siku hizi msemo huo umebaki wa mzaha, mtu akiutamka anapoelekea baa, kana kwamba dawa iliyobakia duniani ni ile ya kwenye chupa. Najua nitajibiwa kwa methali: kazi mbaya si mchezo mwema. Ni kweli, na methali hiyo ni ya mtu anayechagua kati ya kula na kushinda na njaa. Haikukusudiwa kumsuta aliyekwisha timiza kazi yake, akalipwa, akaketi.

Kumshuku mtu aliyeketi kuna historia, na historia hiyo haikuanzia kwetu. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza ilikuja na kifungu cha 176, kinachowataja watu wavivu na wasio na utaratibu kuwa wakosaji. Utawala wa kikoloni ulimtaka Mwafrika mjini kama mkono wa kufanyia kazi. Mkono ukitulia, mwenye mkono aliitwa mhuni na kurudishwa kijijini. Miaka 22 baada ya uhuru, yaani mwaka 1983, ikaja Sheria ya Nguvukazi, na watu wasio na kazi inayotambulika wakasakwa katika mitaa ya Dar es Salaam ili wapelekwe mashambani. Walio watu wazima leo wanaikumbuka misako ile. Anayeniuliza "kwani huna kazi?" hajui kwamba anauliza swali la askari.

Hapa lugha inatucheka. Serikali iliyomshuku aliyekaa barazani huongozwa na Baraza la Mawaziri. Baraza ni kile kibao cha udongo au saruji mbele ya nyumba, mahali pa kupungia upepo wa jioni na kuzungumza. Kutoka pale neno likapanda ngazi hadi likawa chombo cha kutawalia. Hata Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967 kuilea lugha yetu, limeketi juu ya kibao hichohicho. Neno tumelikweza, kibao tumekibomoa. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye vyumba vinavyotazamana, uwa nyuma na baraza mbele, zimewapisha maghorofa ambayo chini yake ni fremu za maduka mpaka ukingo wa barabara. Mahali pa kukaa pamekuwa mahali pa kupanga bidhaa, na muuza kahawa na dele lake hana tena pa kulitua ila ubavuni mwa gari lililoegeshwa.

Wacheza bao nao wamesukumwa vichochoroni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nalo lina lugha yake kamili: kuna kunamua, kuna nyumba, kuna kichwa na kimbi, kuna takata, kuna mtaji. Neno la mwisho linanihuzunisha. Kwa mchezaji, mtaji ni hatua ambapo kete zote zimekwisha ingia ubaoni na akili zinaanza kupimana kwa kweli. Kijana asiyelijua bao analijua neno hilo kwa maana moja, fedha ya kuanzia biashara, na analitamka mara mia kwa siku. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na sijasikia mtu aliyemwita mvivu kwa ajili hiyo.

Neno jingine lililopatwa na mambo ni mkeka. Mkeka halisi huanzia kwenye ukindu. Ukindu hukatwa, hukaushwa, huchanwa chane, hutiwa rangi, husukwa ukili, na ukili hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka upatikane upana wa kulalia. Mama anayesuka haangalii mikono yake. Anazungumza, anamkanya mtoto, anacheka, na ukili unarefuka. Katika Dar es Salaam ya leo, mkeka ni orodha ya mechi mtu alizobashiri ili apate fedha, na mechi moja ikienda kombo husemwa mkeka umechanika. Kama mpenzi wa lugha naistahi sitiari hiyo, kwani kweli mechi zimeunganishwa moja kwa moja kama ukili, na mshono mmoja ukiachia kazi yote imeharibika. Ila aliyeurithi msemo hajawahi kuushika ukindu.

Angalieni jinsi msiba huu ulivyotokea. Kutazama mpira kilikuwa kitulizo cha mtu wa kawaida, kisichomgharimu ila sauti yake. Kisha ikaja ile fikra kwamba hata saa hiyo haiwezi kuachwa bure, lazima nayo iingize kitu. Sasa wapo vijana ambao hawawezi kutazama dakika 90 kwa raha. Wanatazama wakitetemeka, macho kwenye simu, wakiombea kona ya timu ya Ureno wasiyoijua hata rangi ya jezi. Tumemwambia kijana kwamba raha isiyolipa ni upotevu, naye ametusikia. Ameifanya raha yake iwe ya kulipa, na mara nyingi anayelipa ni yeye.

Ndiyo maana nasema lile swali la pili ni baya kuliko la kwanza. Anayeniuliza kama sina kazi ananitukana, na tusi huwa na mwisho wake. Anayesema "bosi wangu, hiyo ni fursa" ananipenda, lakini anataka kukiua anachokipenda. Neno "fursa" limekuwa kama nyundo: kila kinachoonekana kinageuka msumari. Bibi anapika kashata tamu? Fursa. Binti ana mwandiko mzuri? Fursa. Mzee anajua kusimulia? Afungue chaneli. Mshonaji wa mapumziko ya mchana akishaanza kuuza, kofia itahitaji tarehe ya kumalizika, itashindana na zile za mashine zinazoshushwa kwa maboksi, itampasa apunguze vitundu ili afidie muda. Mwisho wake atakuwa na kazi ya pili na atakuwa amebaki bila mapumziko ya mchana. Siwadharau hata kidogo mafundi wanaokula kwa sindano. Hao ni mabwana na mabibi wa kazi zao, na bei wanazolipwa ni ndogo mno. Ninachokataa ni dhana kwamba hakuna njia nyingine ya kuishika sindano.

Ningeweza kuutetea mchezo kwa njia rahisi. Ningesema: Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote zikitokana na vijana wa mitaa hii hii waliokusanyika kucheza mpira, na tazameni leo nchi nzima inasimama timu hizo zikikutana. Hoja hiyo ingeshangiliwa, nami siitaki. Ukiutetea mchezo kwa faida iliyokuja baadaye umekwisha kubali kwamba bila faida hiyo usingekuwa na haki. Nani anayezikumbuka timu nyingine za vichochoroni ambazo hazikufika popote? Wachezaji wake nao walirudi nyumbani jioni wakiwa wamechafuka, wakakoga, wakalala wakicheka. Jioni zile hazikuwa na hasara.

Sasa nije kwenye lililo letu hasa. Maneno tunayoyatumia katika ushairi tumeyaazima kwenye kazi za mikono na za nyumbani. Tunatunga shairi kama tunavyotunga ushanga na kama tunavyotunga uzi kwenye sindano. Tunasuka hadithi kama tunavyosuka ukili na nywele. Ubeti umetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na mizani ni ile ile ya sokoni. Ikiwa mikono itaacha kutunga shanga na kusuka ukili, vitenzi hivi vitabaki kama vyombo vya makumbusho: tutavitaja tusijue vinashikwaje. Mwanafunzi ataambiwa kuwa mshairi "husuka" maneno, naye atafikiria saluni. Si kosa lake. Lakini sitiari itakuwa imepungua nguvu, kwa kuwa nyuma yake hakuna tena jioni ndefu wala mkono unaojua njia bila macho.

Tena ushairi wetu wa maandishi uliotukuka kwa sehemu kubwa uliandikwa na watu wenye kazi nyingine. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali, akianzia idara ya forodha mwaka 1926. Kaluta Amri Abedi, aliyetuachia kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, ndiye aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilijaa mashairi ya wasomaji, watu wa kazi za mchana waliojibizana kwa vina baada ya saa za kazi. Kama wote hao wangeulizwa "unauza bei gani?" na wakalisikiliza swali, tungekuwa na mafaili ya forodha yaliyopangwa vizuri na diwani tupu.

Nami, kwa kadiri ya uwezo wangu mdogo, nimezifunga hoja hizi katika beti mbili nilizozihesabu njiani, kati ya Mnazi Mmoja na kituo cha basi:

Jua latua dukani, na hesabu nimefunga,
Sindano i mkononi, na uzi nimeutunga,
Aniuliza jirani, lini mtaji wachanga?
Namjibu kwa hisani, moyo wangu naujenga.

Si kila kitu ni soko, si kila kazi kuuza,
Tumepewa pumziko, pumzi kuzituliza,
Hata dele lina cheko, kahawa likieneza,
Nawe usiwe mfuko, wa watu kukujaliza.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipita kwa beti. Mtu ataniambia: wewe karani una kiti, una kivuli, una mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwambie hayo anayesukuma mkokoteni kutoka Gerezani. Mwambie mama lishe anayeamka saa tisa usiku kuwasha jiko na kurudi Mbagala giza limekwisha ingia. Starehe ndogondogo ni za wenye kushiba.

Nakubali nusu ya hoja hiyo, nusu ya pili naikataa. Ninayoikataa ni ile dhana kwamba maskini hawana habari na mambo haya. Tembeeni Kariakoo saa saba mchana. Wasukuma mikokoteni wameegesha mikokoteni yao kivulini, na juu ya mbao zake wamechora drafti kwa chaki. Kete ni vizibo vya soda, vya upande mmoja vimetazama juu na vya upande wa pili vimelala kifudifudi. Watazamaji ni wengi kuliko wachezaji na wote ni mabingwa wa kushauri. Mama lishe akiwa hana mteja anapinda kanga yake mpya kwa sindano ya mkono, ingawa fundi cherehani yuko hatua kumi tu, kwa sababu anaupenda upindo wake mwenyewe na kwa sababu jina la kanga ile alilichagua kwa makusudi na anajua nani atalisoma. Watu hawa hawakungoja kushiba. Mwenye kuwadharau kwa kusema kuwa raha si ya kwao amewatazama kama vile mkoloni alivyowatazama wapagazi: migongo, basi.

Nusu ninayoikubali ni kwamba mtu aliyechoka kupita kiasi hawezi kuambiwa ajipangie muda. Kumwambia hivyo ni kejeli. Ndiyo maana jambo hili halimalizwi kwa mawaidha, linahitaji haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imesema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Imesema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Imesema kila wiki mfanyakazi apate mapumziko ya angalau saa 24. Hizo ndizo saa 24 ambazo hazijawahi kuzinduliwa kwa ngoma na matarumbeta. Ni wangapi, kati ya vijana wanaosimama milangoni mwa maduka ya jumla kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, waliowahi kuzipata? Wengi wao wameajiriwa kwa mdomo, wala hawaijui sheria hiyo kwa jina. Kwa kazi ya usiku, sheria hiyo inaongeza asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Kabla hatujashangilia soko lisilolala, tujiulize kama kweli usiku wa mtu, pamoja na watoto wake waliolala bila kumwona, una thamani hiyo.

Kwa hiyo sidai kwamba tupendezwe na umaskini wetu tukiuita utulivu. Nadai vitu viwili kwa pamoja: saa ipatikane kwa haki, na ikishapatikana isiulizwe risiti. Anayedai la kwanza bila la pili atampatia mfanyakazi saa ya mapumziko, kisha atamletea semina ya ujasiriamali aijaze. Anayedai la pili bila la kwanza atabaki kuwahubiria waliosinzia kwa uchovu.

Kiswahili chetu kimetutangulia katika jambo hili. Tunasema "nikipata wasaa", na wasaa ni neno lenye asili ya upana, uwazi wa kutosha. Tunasema "sina nafasi", na nafasi ni mahali pa kukaa na ni muda vilevile, kana kwamba anayekosa muda amekosa pa kujigeuza. Tunasema "pumzika", na ndani yake mna pumzi. Katika maneno hayo matatu hamna fedha hata senti. Muda unakuwa kama chumba, kama hewa, kitu ambacho mtu huingia ndani yake au hukivuta kifuani. Najua tunayo pia methali isemayo wakati ni mali, na mfanyabiashara ana haki ya kuitundika dukani kwake. Lakini aliyebaki na methali hiyo peke yake ameuza vyumba vyote vya nyumba na sasa analala mlangoni.

Basi nawaomba haya, tena nayaomba kwa ukali. Ninyi wenye maduka, mpeni kijana kigoda na ile saa yake, na akitoa uzi, kitabu au kete za drafti msimtume dukani kununua vocha. Ninyi wazazi, mtoto akiwaonyesha mchoro msimwambie atakuwa tajiri. Mwambieni mchoro ni mzuri, au mwambieni mkono wa mtu huyo umekuwa mrefu mno. Nanyi washairi wenzangu, kaeni na bibi zenu, shangazi zenu na mafundi wa mitaa yenu mwandike maneno ya ususi, ushonaji, bao na upishi yangali hai vinywani mwao, na baada ya kuyaandika jaribuni kufanya kazi zenyewe, hata kwa ubovu. Neno lililoandikwa bila mkono kulijua hufa polepole.

Na yeyote atakayekukuta umeketi na kazi yako ndogo mapajani, akakuuliza unauza bei gani, mjibu kwa upole: siuzi. Kisha endelea, wala usiombe radhi.